Lori Lililomkataa Bi Mwanahawa

Kwa miaka yote niliyofundisha ufundi wa magari, niliwaambia wanafunzi wangu kwamba sikuwahi hata kidogo kuamini kuwa Bi Mwanahawa alikuwa na mkosi. Nililisema hilo mbele ya ubao, nikalirudia kwenye chai ya kuniaga, na wenzangu vijana wakatikisa vichwa kwa heshima, kama mtu anavyotikisa kichwa akiambiwa kwamba babu yake alipigana na simba. Sasa nimestaafu. Hakuna wa kunipandisha cheo wala wa kunishusha, basi na nikiri: niliamini. Niliamini kwa moyo wote, na nilikuwa nimefaulu fizikia vizuri sana.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Tanga. Nilikuwa nimemaliza shule na nangojea nafasi ya chuo kikuu, na baba yangu, Mbondei, mwalimu wa Muheza asiyependa kuona mtu amekaa barazani na kitabu wakati wa kulima, alinitafutia kibarua mjini. Kulikuwa na tajiri mmoja pale Ngamiani aliyenunua malori ya jeshi yaliyobaki baada ya vita. Aliyanunua mnadani kwa fungu, kama mtu anavyonunua dagaa, na pamoja nayo akapewa masanduku ya mbao yaliyojaa spea. Shida ilikuwa kwamba masanduku yameandikwa kwa Kiingereza cha kijeshi, na kila sanduku lilieleza namba yake, uzito wake, na upande gani ukae juu, lakini halikueleza kilichomo. Mimi niliajiriwa niyasome. Baada ya wiki moja niligundua kwamba njia ya haraka ya kuyasoma ni kuyafungua kwa mtaimbo.

Siku ya kwanza Fundi Mbaruku, mzee wa Kidigo aliyekuwa mkuu wa gereji, alisimama kwenye dirisha la stoo akaomba nati. Nikampa nati. Akaenda, akarudi, akaiweka juu ya meza. Nikampa nyingine, inayofanana nayo kama pacha. Akaenda, akarudi. Mara ya tatu alinionea huruma. Alichukua zile nati mbili akanifundisha kupitisha ukucha ndani yake, taratibu, nisikilize meno. Malori yale yalitoka nchi mbalimbali, na nati za Kiingereza na za Kimarekani zilifanana kwa macho lakini hazikupatana, kama ndugu wanaogombania mirathi. Ukilazimisha, zote mbili zinaharibika. Tangu siku hiyo niliweka ukucha wa kidole gumba mrefu kidogo, na mpaka leo watu wanadhani ni urembo.

Nawaandikia haya ninyi mnaofungua kiboksi kipya kila chombo kikiharibika. Sisi hatukuwa na kiboksi kipya. Tangi likitoboka, lilizibwa kwa sabuni ya mche iliyofinyangwa mpaka ikawa kama ugali, na petroli haili sabuni, inazidi kuigandisha. Radieta ikivuja kidogo, ilitiwa bizari ya manjano, nayo ilishika vizuri, isipokuwa kwamba ukipanda kilima cha Amani lori zima lilinuka pilau na utingo wakashikwa na njaa. Mpira wa petroli ukipata moto na petroli kuchemka ndani yake, ulivishwa ganda bichi la mgomba. Haya yote Fundi Mbaruku aliyajua, na aliyasema mara moja tu, akiamini kwamba mtu mwenye masikio hahitaji mara ya pili. Mimi niliyahitaji mara nne, lakini nilijifunza kuuliza kila mara kwa sauti tofauti.

Kila lori lilikuwa na jina. Lile ninalotaka kuwaeleza liliitwa Jemadari, kwa sababu chini ya rangi ya buluu ya tajiri wetu namba ya jeshi ilikuwa bado inaonekana kwenye mlango, na kwa sababu halikupenda kuamriwa. Lilikuwa na pua fupi, taa ndogo, na tangi la petroli lililowekwa chini ya kiti cha abiria. Kifuniko cha tangi kilitokeza ndani kabisa ya kibini, chumba cha dereva, ubavuni mwa kiti, karibu na mlango. Katikati ya kifuniko palikuwa na kitundu kidogo, tangi lipate kupumua, na kwenye kitundu hicho ilitoka harufu ya petroli. Ukisafiri na Jemadari mpaka Pangani ulishuka unanuka kama mtu aliyelala ndani ya debe. Jeshi, nadhani, halikutazamia abiria waliojifukiza udi.

Dereva wa Jemadari alikuwa Athumani, kijana mtanashati, mwepesi wa maneno kwa kila mtu duniani isipokuwa mmoja. Huyo mmoja alikuwa mama wa mkewe, Bi Mwanahawa.

Bi Mwanahawa alikuwa mpambaji wa maharusi. Aliishi Ngamiani, nyumba ya nne kutoka gereji yetu, na hapakuwa na harusi ya maana kutoka Tanga hadi Pangani ambayo hakuitiwa. Alibeba kikapu cha asumini iliyochumwa alfajiri ikiwa bado vitumba, mrehani, vipande vya udi, na wanja wake mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kufika kabla asumini haijafumbua, ashone vikuba, yale mashada ya kifuani, amvalishe biharusi, na ua lifumbuke kifuani mwa biharusi jioni, siyo ndani ya kikapu njiani. Kwa hiyo saa zake zilikuwa za maua, na maua hayasubiri. Tajiri alimruhusu apande na mkwewe bure, kwa kuwa ndiye aliyempamba binti wa tajiri.

Basi hapo ndipo ilipoanza habari. Jemadari akiwa na mzigo wa unga kwenda Pangani, alifika. Akiwa na mbata kurudi Tanga, alifika. Akipanda Bi Mwanahawa na kikapu chake, wakishapita Tongoni na kukaribia Kigombe, lori linakohoa, linavuta, linakufa. Athumani anashuka, anafungua boneti, anazungusha hendeli ya kuwashia mpaka jasho, hamna kitu. Bi Mwanahawa naye anashuka, kwa kuwa mwanamke wa heshima hakai juu ya kiti peke yake barabarani, anasimama chini ya kivuli na kikapu chake. Athumani anapiga hendeli tena, na Jemadari anaunguruma kama hakuwa na tatizo. Bibi anapanda. Maili chache mbele, linakufa tena. Anashuka, linapona.

Fundi Mbaruku alifanya kila alichokijua. Alilifungua tangi akaliosha. Akapuliza mpira wa petroli kwa mdomo wake. Akabadilisha pampu, kabureta, koili na plagi zote, nami nikavunja masanduku ya jeshi kumtafutia. Kisha akapanda mwenyewe na Athumani mpaka Pangani na kurudi, na Jemadari akaenda kama maji. Wiki iliyofuata alipanda Bi Mwanahawa, na lori likafia Kigombe.

Makuli wa gereji hawakuhitaji koili kueleza jambo hilo. Walisema mama yule ana nuksi. Mtu mmoja alikumbusha kwamba mbona aliwahi kwenda Pangani kwa basi, na basi halikuzimika hata mara moja. Wakamjibu kwamba basi lile lina Ayatul Kursi juu ya kioo. Ukitaka kushindana na hoja ya namna hiyo, jiandae kushindwa.

Maneno hayo yangebaki gereji yangekuwa mzaha tu. Lakini yalivuka barabara, yakaingia majumbani, na hapo yakawa kisu. Fikirini wenyewe: nani atamkabidhi biharusi wake, siku ya kwanza ya maisha yake mapya, kwa mwanamke ambaye hata chuma kinakufa akikikalia? Harusi mbili zilimpitia mbali. Ya tatu, ya jamaa wa Pangani, ilikuwa imemwita zamani, na sasa watu wa upande wa bwana wakaanza kuulizana kama hakuna mpambaji mwingine. Naye tajiri, aliyekuwa mtu mpole lakini aliyechoka kulipia unga uliochelewa Kigombe, alimwambia Athumani kwamba atachagua: amwache mkwewe au aliache lori. Mke wa Athumani alipopata habari akasema yeye pia anajua kuchagua, na akaanza kukunja kanga zake.

Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nacheka. Nilicheka hadharani, nikamweleza kila aliyekuwa tayari kusikiliza kwamba mkosi ni ujinga, kwamba kila jambo lina sababu. Kisha tajiri akaniambia nipande nao safari ya harusi hiyo ya tatu nikiwa na sanduku la spea, nijionee, niseme sababu hiyo ni nini. Jioni nilikwenda sokoni Ngamiani, nikanunua kitunguu thomu, nikakimenya punje, nikaziweka ndani ya leso, leso ndani ya mfuko wa gauni. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akitufunga thomu tukiwa wachanga, kinga dhidi ya macho mabaya. Mimi nilijiambia ni kwa ajili ya mafua.

Tukapanda watatu: Athumani kwenye usukani, mimi katikati, Bi Mwanahawa mlangoni, kikapu mapajani. Athumani alifurahi mno kuniona. Nilikuwa pazia kati yake na mkwewe. Mkwe ni mkwe. Kwa adabu yake hamtazami, hamgusi, hamwulizi jambo, na siku zote alizosafiri naye aliendesha akiwa amekaza macho mbele kama askari wa gwaride, mpaka shingo ikawa inamuuma akifika Pangani. Alinieleza hayo baadaye. Siku ile aliniambia tu, "Shikilia, dada," kisha hatukusikia sauti yake tena.

Bi Mwanahawa alinikagua. Nilimwamkia, shikamoo, akaniitikia marahaba, akaniuliza baba yangu hajambo, akaniuliza kama nimechumbiwa, akaniuliza mbona ukucha wangu mmoja mrefu. Mara alinusa hewa, mara mbili, akanitazama usoni, akasogeza kikapu upande wa mlango. Nikadhani anavuta mafua.

Tulipita Tongoni. Barabara ilikuwa kavu, minazi pande zote, na mimi nikaanza kujisikia vizuri, bila kujua kwa nini. Kichwa hakikuuma. Tumbo halikutibuka. Kibini kizima kilinukia asumini. Na kabla hatujafika Kigombe, Jemadari akakohoa, akavuta, akafa.

Athumani alishuka na hendeli. Bi Mwanahawa akafungua mlango, na kabla ya kushuka akainama, akachomoa kitu ubavuni mwa kiti kwa ncha ya kidole, akakitia kwenye pindo la kanga. Chini yetu pakasikika fyuuu, ndefu, kama mtu aliyetokeza kichwa baada ya kuzamia. Nami msomi wa fizikia nilifikiri nini? Nilifikiri nimeiona dawa yenyewe ya uchawi. Nilishika mfuko wangu wenye thomu kwa mikono miwili.

Lori likawaka. Tukapanda. Ila sasa nilikuwa nimemkodolea macho, na nikamwona wazi: alitoa donge dogo la nta kwenye kanga, akalifinyanga kwa vidole, akaliziba lile tundu la kifuniko. Kwa utulivu kabisa, kama mtu anayefunika chungu.

"Bibi, unafanya nini?"

"Naziba harufu, mwanangu. Biharusi gani atavaa kikuba kinachonuka gereji?"

Hapo ndipo nilipotambua kwa nini sikuumwa kichwa. Ndani ya lori lile, siku ile, hapakunuka petroli. Nikakitazama kile kifuniko mpaka Jemadari alipokohoa tena. Safari hii nilimshika Bi Mwanahawa mkono asishuke. Nikainama juu ya magoti yake, nikachomoa nta. Fyuuu. Nikamwambia Athumani apige hendeli. Lori likawaka, na Bi Mwanahawa yuko juu ya kiti, na kikapu chake, na mkosi wake wote.

Kwa ninyi vijana, kanuni ni hii, nimeiandika ubaoni mara nyingi: tangi lisilopumua halitoi. Pampu inavuta petroli, nafasi inayobaki inataka hewa, na hewa ikikosa njia, pampu inashindwa kama mtoto anayenyonya chupa aliyoibana mdomo. Likipata hewa, linapona. Bibi kila akishuka alichukua nta yake, kwa kuwa nta ya kupakia uzi wa vikuba ni mali na hakutaka mtu aikalie. Na Athumani hakuona kamwe, kwa kuwa adabu ilimkataza kutazama upande ule. Fundi Mbaruku angekesha kwenye pampu mpaka leo.

Kuigundua sababu kulikuwa rahisi kuliko kuisema. Athumani alinitazama kwa macho ya kuomba. Yeye hawezi kumwambia mama mkwe kwamba ni yeye anayeliua lori. Basi nilisema mimi, kwa upole wote niliokuwa nao, nikaeleza tangi, nikaeleza pampu. Bi Mwanahawa alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageukia dirisha.

"Kwa hiyo walisema kweli," alisema. "Ni mimi."

"Siyo wewe, Bibi. Ni nta."

"Nta ina mikono? Afadhali mkosi. Mkosi ni wa Mwenyezi Mungu. Nta ni yangu."

Tuliingia Pangani asumini imeshafumbua. Watu wa harusi walipokea kikapu kwa ncha za vidole, na mpambaji mwingine alikuwa ameshaitwa.

Nilirudi Tanga na sababu mkononi, na haikumsaidia mtu. Tajiri alisema nta ndogo kama punje ya hindi haiwezi kusimamisha lori la jeshi. Makuli walisema nta ni dawa ya zamani, inajulikana. Fundi Mbaruku peke yake alinyanyuka. Alichukua kifuniko, akakipitishia ukucha, akaenda kwenye kona yake akawasha tochi ya kulehemu. Akaunganisha kwenye lile tundu kijibomba chembamba cha shaba, akakipinda, akakitobolea njia kwenye sakafu ya kibini, kikatokeza nje chini ya lori. Jemadari akapata pua. Sasa angepumua nje, na ndani asumini ingebaki asumini.

Tajiri alikitazama kijibomba kwa muda. Akasema basi, safari moja. Kulikuwa na harusi Pangani Alhamisi, ya binti wa mwenye duka lililokuwa likipokea unga wetu, na mama wa binti huyo alikuwa rafiki wa zamani wa Bi Mwanahawa, aliyekataa kusikia maneno ya mtaani. Lori likizimika mara moja tu, Athumani aache funguo mezani akirudi, na Bi Mwanahawa asipande tena gari la tajiri. Kila mtu alijua kwamba likizimika, hataingia tena nyumba ya harusi pia.

Asubuhi ile nilimwamkia Bi Mwanahawa mlangoni mwa Jemadari. Alipanda, akaweka kikapu mapajani, akafungua pindo la kanga, akanipa donge la nta nimshikie. Wakaondoka.

Mwenye duka alikuwa na simu, na karani wake ndiye aliyetupigia kila mzigo ukifika. Nilikaa ofisini kwa tajiri, nikijifanya napanga risiti za spea. Tajiri alijifanya anasoma gazeti, ila hakufungua ukurasa. Makuli walikuwa wameacha kazi na kukaa chini ya dirisha, wakidai ni kivuli. Fundi Mbaruku aliendelea kupiga nyundo, lakini alipiga chuma ambacho hakikuhitaji kupigwa.

Simu ikalia. Nikainyakua.

Hapakuwa na sauti ya karani. Palikuwa na pumzi ya mtu, na nyuma yake karani akimwelekeza azungumze pale kwenye matundu ya simu.

"Kuna mtu humu?"

"Nipo, Bibi. Ni mimi, wa stoo."

"Tajiri wako yupo?"

Yupo, nikasema, na anasikia, kwani sauti ya Bibi ilijaza ofisi yote.

"Mwambie mkosi umefika Pangani. Mwambie hatukusimama hata kumpisha mbuzi, na asumini yangu haijafumbua jicho."

Tajiri alikunja gazeti. Chini ya dirisha makuli waliinuka, mmoja mmoja, wakakumbuka kwamba wana kazi. Nyundo ya Fundi Mbaruku ilinyamaza.

"Alhamdulillahi, Bibi," nikasema, nikidhani yamekwisha.

"Na wewe, mtoto wa Kibondei."

"Naam, Bibi."

"Kile kitunguu thomu ulichokaa nacho ubavuni mwangu siku ile. Kilikaribia kuniharibia maua kuliko hiyo petroli yenu. Kakitie mchuzini."